Barua yangu ilivyopewa namba ya jalada

Jamani kuandika barua kwa mkono kuna raha yake asikwambie mtu. Unanunua bahasha ile ya pembeni rangi rangi nyekundu na bluu, unatafuta kalamu isiyovuja, unakaa barazani jioni umeme umekatika, unaanza na ile ya wazee, "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Uliye mbali mwenyewe yuko Kinondoni na mimi niko Mbagala lakini kwa foleni ya Dar huko ni mbali, tusibishane.

Huyo jamaa tumesoma naye bweni moja, enzi zile tunagombania kadi za salamu za kutuma redioni. Sasa nampelekea wapi barua? Nyumba zetu zina namba siku hizi, nguzo za majina ya mitaa zilisimikwa kwa fujo 2022 kabla ya sensa, postikodi tarakimu tano tunazo, lakini mtu ukimwambia nipe anwani yako bado anakupa S.L.P. ya kazini. Ndo alivyonipa. Ofisi kubwa tu ya hapa mjini, siitaji maana mkewe anasoma hizi habari zangu.

Nikaandika kurasa mbili za haja. Salamu, habari za watoto, aya ya tatu nikamuuliza "vipi yule bosi wenu anayesinzia kwenye vikao mpaka miwani inaangukia kwenye chai, bado yupo?", na mwisho kwa upole kabisa nikamkumbusha elfu ishirini yangu. Juu ya bahasha nikaandika BINAFSI kwa herufi kubwa, nikapanda daladala mpaka Posta Mpya, dada wa dirishani akanipa stempu, nikaibandika mwenyewe (hapo ndo penye utamu, gundi ile ukiilamba unarudi kidato cha pili). Dada akachukua muhuri wa tarehe akagonga. Sasa muhuri ule kazi yake ni kuiua stempu mtu asije akaibandua akaitumia tena, ila huu wa kwangu uliua na BINAFSI, ulitua juu ya lile neno kama kunguru juu ya dagaa, ikabaki B na kijimkia cha I.

Mnaojua masjala za ofisi zetu mshaelewa kilichofuata. Pale barua isiyo na neno siri wala binafsi inafunguliwa, inagongwa IMEPOKELEWA, inapewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, inaingia kwenye jalada, jalada linapanda juu kwa mkubwa. Yule mama wa masjala hana kosa, katimiza wajibu, tena nasikia aliisoma yote mara mbili akamwita na mwenzake wa chumba cha pili.

Mimi huku nasubiri majibu ya mshikaji. Tuna sanduku la posta la marehemu mzee ambalo ndugu tunachangiana kulilipia kila mwaka kwa kununiana, siku hiyo nafungua nakuta bahasha ya kaki, imepigwa chapa, ina nembo. Moyo ukafanya paa! Nikajua kiwanja kimeleta kesi. Nafungua hivi:

"YAH: HALI YAKO, HALI YANGU NA DENI LA SHILINGI 20,000/=. Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Ofisi inakiri kupokea barua yako. Kuhusu hofu na mashaka uliyoyaeleza katika aya ya 1, unajulishwa kuwa mtumishi husika ni mzima wa afya na anahudhuria kazini, isipokuwa baadhi ya Ijumaa, jambo ambalo linafuatiliwa. Kuhusu hoja ya aya ya 3, unajulishwa kuwa mhusika bado yupo. Kuhusu deni, ofisi haihusiki na madeni binafsi ya watumishi, hata hivyo ameelekezwa kulipa na kuwasilisha uthibitisho. Nakutakia kazi njema."

Chini sahihi, muhuri, na cheo. Nilikisoma kile cheo nikakaa chini palepale kwenye ngazi za posta. Ni yeye! Msinziaji mwenyewe kasaini! Nakala: Jalada la Mtumishi.

Nampigia jamaa hapokei. Nampigia tena akapokea ananong'ona, "we mwehu, umeniandikia nini ofisini, nimeitwa mbele ya mkubwa nimesomewa aya kwa aya nimesimama, ya tatu kanisomea taratibu, alafu kaniuliza na wewe unaonaje, nasinzia?" Nikamuuliza ukajibuje. Akasema alimwambia mheshimiwa huwa unafumba macho kutafakari. Mkubwa akacheka mpaka akakohoa, ndo akaamuru nijibiwe rasmi.

Kabla hatujamaliza kuongea simu ikalia ti-ti, muamala, elfu ishirini kamili na ya kutolea juu. Hela hiyo nimeidai kwa meseji, kwa simu, kwa mkewe, mpaka kwa shehe wa mtaa nimefika. Sasa hivi naulizia S.L.P. ya ofisini kwa shemeji yangu, yule ana hamsini yangu tangu kipaimara cha mtoto.