Kioo kwenye kipozeo cha maji: hapa Tabora kina kazi

Mteja akimwambia fundi wa kompyuta hapa Tabora kwamba anataka kipozeo cha maji chenye kioo, yaani kifaa kinachopoza prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kwa maji na chenye skrini ndogo juu yake, jibu analopewa mara nyingi ni lilelile: kioo ni urembo, hakipozi kitu, hela hiyo bora uongeze RAM au ununue UPS ya maana. Jibu hilo lina ukweli. Kioo cha inchi mbili na kitu kilichokaa juu ya pampu inayozungusha maji hakishushi joto la prosesa hata nyuzi moja, na kinalipiwa. Kampuni ya NZXT ilipotoa kipozeo chake cha Kraken Z73 mwaka 2020, bei yake ilikuwa karibu dola 280. Ndugu yake X73, mwenye rejeta (sehemu ya kutolea joto la maji) ya ukubwa uleule wa milimita 360 lakini hana kioo cha skrini, alikuwa karibu dola 180. Dola 100 ya tofauti inanunua kipozeo kizuri cha hewa, kile cha feni bila maji, na chenji inabaki.

Kasoro ya jibu hilo ni kwamba linakipima kioo kwa swali moja tu, kama kinapoza. Kinaonyesha nini, na nani anakisoma, haliulizwi kabisa. Kwa mji wenye joto na vumbi kama huu, hilo ndilo swali zito.

Ndani ya kipozeo cha maji kuna joto la namna mbili, na wengi wanalifuatilia moja tu. Joto la prosesa linarukaruka: ukifungua programu linaweza kupanda nyuzi 20 na kushuka kabla hujamaliza kulitazama. Joto la maji, yaani ule mchanganyiko wa maji na glikoli unaozunguka kati ya pampu na rejeta, hupanda polepole. Kwenye kazi nzito huchukua dakika 10 hadi 20 kufika linapotulia, kisha linakaa hapo. Ndiyo maana kipimo cha dakika mbili hakikuelezi chochote kuhusu kipozeo cha maji. Joto hilo lililotulia ndilo linalosema kama rejeta inamudu kutoa joto lote linaloingizwa. Dereva wa Fuso hahitaji kufundishwa jambo hili. Haangalii moto wa ndani ya silinda, anaangalia geji ya temperecha, na geji hiyo inasoma maji. Kraken huonyesha joto la maji kwenye kioo chake hata kabla hujaweka programu yoyote kwenye kompyuta.

Sasa tuweke hesabu ya Tabora. Kipozeo, kiwe cha hewa au cha maji, hakiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayokiingia. Kinachoweza ni kupunguza tofauti iliyo juu ya hewa hiyo. Tuchukue rejeta ya milimita 360 inayobeba wati 200 na ushee, maji yake yakitulia nyuzi 12 juu ya hewa inayoingia. Katika chumba cha nyuzi 22, kama vile ambavyo majaribio mengi ya mtandaoni hufanyiwa, maji yanakaa 34. Mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati kisicho na dari hapa kinafika 33 mchana bila shida, na maji yanakaa 45. Rejeta ikiwa imefungwa juu ya kasha la kompyuta ikitoa hewa nje, hewa inayoipitia si ya chumba tena. Imeshapashwa na kadi ya picha, tuseme nyuzi 7, na maji sasa yako 52. Ongeza nyuzi 5 za vumbi la kiangazi lililoziba mapezi ya rejeta, yaani vibati vyake vyembamba, yamefika 57. Mpaka ambao watengenezaji wengi hawataki maji yauvuke ni nyuzi 60.

Mwenye chumba cha nyuzi 22, kwa ufungaji uleule na uchafu uleule, yuko kwenye 46. Amebakiwa na nyuzi 14 za kukosea. Wa Tabora amebakiwa na 3. Mashine ni moja, bei ni moja, na tathmini waliyoisoma wote wawili ni moja, lakini mmoja anaweza kusahau kusafisha kwa miaka miwili asione tofauti, na mwingine siku yoyote kadi ya picha ikikolea kazi anavuka mpaka. Kuvuka mpaka hakumaanishi kompyuta inazima papo hapo. Prosesa inajipunguzia kasi, kazi inachelewa, na madhara mengine yanakuja kimyakimya: maji yenye joto kali hupenya haraka zaidi kwenye kuta za mipira na kupungua, na pampu, ambayo beringi yake inalainishwa na maji hayohayo, inachakaa kabla ya wakati wake. Tena mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa yenye uzito pungufu. Hilo linakiumiza kipozeo cha hewa vilevile, lakini ni sababu nyingine ya kutoziamini namba za mtandaoni kama zilivyo.

Kwa nafasi ya nyuzi 3, geji si anasa.

Kuna anayesema namba hiyo inapatikana pia kwenye programu, kwa nini ilipiwe kioo. Ni kweli, kwa vipozeo vyenye kihisi cha joto la maji. Vingi vya bei ya chini havina kihisi hicho kabisa. Lakini angalia mashine nzito za mji huu zinavyotumika. Studio inayohariri video za harusi inaachia kompyuta itoe kazi usiku kucha, skrini kubwa imezimwa, na anayepita chumbani alfajiri ni msaidizi asiyejua programu ipi inafunguliwa wapi. Akiambiwa kwamba namba ya kwenye kioo ikivuka 50 apige simu, ameelewa.

Namba peke yake hata hivyo inadanganya bila joto la chumba. Siku ya kwanza, baada ya nusu saa ya kazi nzito, soma joto la maji, soma joto la chumba kwa kipimajoto cha ukutani, toa, na uandike tofauti kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha selotepu ndani ya mlango wa kasha. Ikiwa ilikuwa 14 na baada ya miezi minne ni 20 kwa kazi ileile, rejeta imeziba. Maji yakiwa kwenye tofauti yake ya kawaida lakini prosesa inagonga 95, rejeta haina kosa: tazama pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa iliyokauka, skrubu za kichwa cha pampu zilizolegea, au pampu inayozunguka kwa kasi ndogo. Pampu ikisimama kabisa dalili inageuka. Kwenye vipozeo ambavyo kihisi kiko ndani ya kichwa, maji yaliyokwama hapo yanapashwa bila kwenda popote na namba inapaa haraka mno, huku rejeta ukiishika ni ya baridi. Shika na mipira miwili. Kwa kawaida huwezi kutofautisha joto lake kwa mkono. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, maji hayatembei.

Kusafisha nako kuna namna yake, na hapa ndipo vipozeo vingi vinapoharibiwa na mikono yenye nia njema. Vumbi halikai mbele ya feni unapoliona. Linashikana kati ya feni na rejeta, kwenye uso wa mapezi, kama kipande cha blanketi, na ukipuliza kwa nje unalikandamiza zaidi. Zima, chomoa waya ukutani, fungua feni, utaliona na utaweza kulivua kwa vidole. Kinachobaki kitoe kwa brashi laini ya rangi ukifuata mwelekeo wa mapezi, maana ni ya alumini nyembamba na yanalala. Usiipeleke rejeta kwa fundi pancha ikapulizwe. Kompresa ya matairi inatema unyevu na mgandamizo wake unapinda mapezi. Ukipuliza kwa blowa ndogo, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Wakati wa kurudisha, skrubu ndefu za feni zibaki za feni: skrubu iliyozidi urefu inapita kwenye fremu na kutoboa mfereji wa maji, na hapo hakuna ukarabati.

Upande wa pili una uzito, na kwa mashine nyingi za hapa ndio wenye haki. Kompyuta ya steshenari, ya ofisi au ya shule, yenye prosesa kama Ryzen 5 7600 ya wati 65, haihitaji maji wala kioo. Kipozeo cha hewa cha mnara mmoja kinaibeba hata Oktoba. Mjadala unaanza kwenye prosesa kama Core i9-14900K ambayo Intel yenyewe imeiwekea hadi wati 253, na inayofanyishwa kazi ndefu kweli, si gemu la saa moja. Na hata hapo kipozeo kikubwa cha hewa kina sifa ambayo maji hayataipata: hakina kinachovuja wala kinachokauka. Feni yake ikifa, unatoa klipu mbili, unaweka nyingine ya milimita 120 siku hiyohiyo. Kipozeo cha maji kimefungwa moja kwa moja. Pampu ikifa, kioo kizima kinachowaka kinatupwa pamoja nayo. Chapa kubwa hutoa dhamana ya miaka 5 au 6, lakini dhamana inadaiwa kwa aliyekuuzia, na kwa mnunuzi wa Tabora huyo mara nyingi yuko Kariakoo au nje ya nchi, na mashine inasubiri bila kipozeo.

Kioo nacho kina mzigo wake. Picha, video na joto la prosesa haviji vyenyewe; vinaletwa na programu inayokaa wazi muda wote, inayokula RAM na kudai masasisho ya mamia ya megabaiti kwenye bando lako. Kinahitaji pini za USB 2.0 kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na madabodi nyingi za bei nafuu zina moja au mbili, zinazogombewa na matundu ya mbele ya kasha. Zihesabu kabla ya kununua. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kioo kinaweza kuganda kwenye nembo hata baada ya kompyuta kuwaka vizuri. Kuizima kwa kitufe hakutoshi kwa sababu USB inaendelea kupata umeme wa akiba; zima swichi ya nyuma ya pawasaplai kwa nusu dakika ndipo uwashe. Na usiunganishe waya wa pampu kwenye tundu la feni linalopunguza kasi kompyuta ikiwa baridi. Weka kwenye tundu la pampu, au lile la feni ya prosesa ukiwa umeliweka kwenye kasi kamili.

Jambo moja wanaosifu vipozeo vya hewa hulipita haraka ni safari. Kompyuta nyingi nzito za hapa zinaungwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. NH-D15 ya Noctua, kipozeo kikubwa cha hewa, pamoja na feni zake ina zaidi ya kilo moja na robo, yote inaning'inia kwenye madabodi kasha likisimama, na kila tuta la barabarani linaivuta. Kichwa cha pampu ni chepesi mno kwa kulinganisha, kwa kuwa uzito wa rejeta unabebwa na kasha. Mwenye kipozeo kikubwa cha hewa akisafirisha, alaze kasha ili madabodi iwe chini na mnara usimame wima, au akivue kabisa. Mwenye cha maji atasikia mgurumo wa mapovu akiwasha mara ya kwanza. Aliinamishe kasha huku na huku kwa dakika chache hadi hewa ipande kwenye rejeta.

Hewa hiyo ikipanda ikute mahali pa kukaa pasipo pampu. Rejeta ya juu ya kasha ni salama kwa hilo. Ya mbele ni sawa ikiwa ncha yake ya juu imeipita pampu kwa kimo. Kwa Tabora ya mbele ina faida ya kuvuta hewa ya chumba kabla kadi ya picha haijaipasha, zile nyuzi 7 za kwenye hesabu, na hasara ya kumeza vumbi lote, hivyo chujio la mbele lioshwe kila wiki mbili kiangazi chote. Ya chini ya kasha isifikiriwe: hewa yote itakimbilia kwenye pampu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji awashe kompyuta ambayo haina programu ya kipozeo hicho, kisha tazama kioo. Kikionyesha joto la maji bila kuambiwa, unanunua geji. Kikionyesha nembo ya kampuni tu, muulize kama kihisi cha maji kipo. Akisema hakipo, chukua kisicho na kioo na hela inayobaki nunua feni za akiba.