Kutafuta maneno yanayokaribiana: msimbo wa sauti au hesabu ya herufi?

Anayeandika "kalibu" anataka "karibu", na anayeandika "zambi" anataka "dhambi". Programu ya kutafuta haiwezi kulijua hilo bila kuelekezwa, na njia za kuielekeza ziko za aina mbili: kugeuza neno kuwa msimbo wa sauti, au kuhesabu herufi zinazotofautiana. Wengi huchukua ile wanayoikuta tayari ndani ya kanzidata, na mara nyingi hiyo ni Soundex.

Soundex ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, kwa ajili ya kupanga majina ya watu. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zinazofuata huzipa tarakimu 1 hadi 6 mpaka zitimie tarakimu tatu (zilizopakana zenye tarakimu sawa huhesabiwa moja). Zikipungua, hujaza sifuri. Kwa majina inastahili sifa yake. Mohamed na Muhammad yote ni M530, Fatma na Fatuma yote ni F350. Ukihesabu herufi, Mohamed na Muhammad yanatofautiana mara tatu, kiasi ambacho mifumo mingi ingeshayatenga.

Iingize kwenye maneno ya kawaida ya Kiswahili uone. Kata, kete, kiti, koti na kuta yote ni K300, maana irabu zimetupwa na irabu ndizo zilizokuwa zikiyatofautisha. Wakati huohuo "karibu" ni K610 na "kalibu" ni K410, kwa kuwa r na l zina tarakimu tofauti. Khadija ni K320 na Hadija ni H320, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Yasiyohusiana yanaunganishwa, yanayohusiana yanatenganishwa. Metaphone, msimbo mwingine wa sauti wa mwaka 1990, ni makini zaidi, lakini kanuni zake nazo zimejengwa juu ya matamshi ya Kiingereza.

Umbali wa Levenshtein, wa mwaka 1965, haujali lugha: unahesabu herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Habari na "habali" ni 1. Kwangu huu ndio msingi bora, ila ukitumiwa mtupu unapotosha. Chukua "zambi": kambi na tambi yako umbali wa 1, dhambi iko umbali wa 2, kwa kuwa dh ni herufi mbili. Neno lililokusudiwa linashika nafasi ya nyuma.

Dawa yake ni kusafisha kabla ya kupima. Badilisha dh, th, gh, kh, sh, ch, ny na ng' kila moja kuwa alama moja. Hapo kwenye ng' pana mtego: alama ya ritifaa huandikwa kwa mmojawapo wa misimbo miwili ya Unicode, U+0027 au U+2019, hivyo "ng'ombe" na "ng’ombe" ni maneno tofauti machoni pa kompyuta hadi uchague mmoja. Kisha punguza gharama ya mabadiliko yanayotokana na matamshi: r na l, dh na z, th na s, kh na h, ziwe kama 0.3 badala ya 1. Usizifanye sifuri, kwani kalamu na karamu zitageuka neno moja.

Tatizo la viambishi ni gumu zaidi. Kitabu na vitabu ni umbali wa 1, aliandika na waliandika vilevile, na hakuna kosa la tahajia popote. Kihakiki tahajia kisichochambua viambishi awali kitasahihisha maneno yaliyo sahihi. Hapa ndipo Jaro-Winkler, kanuni nyingine ya kupima ufanano wa maneno inayosifiwa sana kwa majina ya watu, inapoharibu: inaongeza alama kwa herufi za mwanzo zinazolingana, hadi nne. "Nilipika" na "nilisema" yanazoa nyongeza yote kwa "nili-" tu.

Ukomo wa umbali nao ufuate urefu wa neno. Kwa maneno ya herufi nne, 1 tayari ni kingi: pika, taka na kaka yote ni majirani wa paka. Kuanzia herufi nane, 2 inavumilika. Matokeo yakifungana, tanguliza neno linalotumika zaidi.

Upande wa kasi, kulinganisha neno moja na orodha ya maneno 100,000 ni kazi nyepesi. Kulinganisha orodha hiyo na yenyewe ni jozi karibu bilioni 5, na hapo unahitaji chujio la awali. Vipande vya herufi tatu-tatu, kama vile vya kiongezi cha pg_trgm ndani ya kanzidata ya PostgreSQL, vinafaa: habari na "habali" hupata ufanano wa 0.4, juu ya kiwango chake cha kawaida cha 0.3. Kwa orodha ya majina ya watu, hata Soundex hupata kazi hapo, mradi uendeshe chujio la pili lisiloshikilia herufi ya kwanza, la sivyo Khadija na Hadija hawatakutanishwa kamwe.