Zile pembe za kamera hazikuwa mbwembwe tu

Kuna makala inayosema pembe za ajabu za kamera kwenye The Ipcress File (1965), filamu ya kijasusi ya Uingereza, ni mbwembwe tu za mwongozaji Sidney J. Furie. Hapo mwandishi amepitiwa. Filamu ilipigwa kwa Techniscope, mfumo wa kupiga picha pana kwa mkanda mchache: kila fremu inachukua matundu 2 ya pembeni mwa mkanda badala ya 4, kwa hiyo negativu inatumika nusu tu. Tena lenzi zake ni za kawaida, si zile za kubana picha, ndiyo maana mpiga picha Otto Heller aliweza kubandika taa au bega la mtu mbele kabisa na mwigizaji mkuu Michael Caine bado akaonekana vizuri kule nyuma. Hasara yake ni chenga, yaani zile chembechembe kwenye picha: negativu ndogo ikikuzwa kwa skrini pana, zinajitokeza.

Ukiitazama kwenye nakala ya zamani ya televisheni iliyokatwa kingo, lazima uone fujo, maana karibu nusu ya picha haipo! Tafuta yenye uwiano wa 2.35 kwa 1.

Halafu BAFTA, chuo cha filamu cha Uingereza, waliipa tuzo ya filamu bora ya Uingereza, na Heller (upigaji picha) na Ken Adam (usanifu wa mandhari) wakapata zao. Mtayarishaji? Harry Saltzman, yuleyule wa James Bond.