Ramani ya Mtwara ionwe na nani kabla ya muhuri?

Mji wa Mtwara ulichorwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, sehemu yake ikiwa Nachingwea, na mradi ukahitaji bandari yenye kina pamoja na reli. Bandari ikajengwa, reli ikatandikwa, makazi yakagawanywa: Shangani kwa wakubwa wa Kizungu, Waafrika kwingine, na katikati yakaachwa mapengo mapana yakisubiri mji mkubwa uje kuyajaza. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Mapengo yangalipo, na kila anayevuka mji kwenda sokoni au Hospitali ya Ligula anayalipia nauli.

Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito swali hili: je, Mtwara na Lindi zinahitaji taasisi huru ya kujadili hadharani usanifu wa majengo na mipango miji? Taasisi za namna hiyo zipo kwingine. London ina Architecture Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1991, kituo huru cha kwanza cha usanifu nchini Uingereza. Mwaka 1996 iliendesha mijadala ya hadhara kuhusu mustakabali wa jiji hilo, wakati ambao London haikuwa na serikali yake ya jiji zima. Ya zamani ilifutwa mwaka 1986 na mpya ikaja mwaka 2000. Hapa kwetu, Dar es Salaam ina kituo cha urithi wa usanifu ndani ya Boma la Kale, jengo la miaka ya 1860 linalotazama bandari. Kusini hatuna.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mji una halmashauri, na madiwani wamepigiwa kura. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe mpango unapoandaliwa. Wataalamu wana bodi za kuwasimamia. Sasa taasisi isiyochaguliwa na yeyote inamsemea nani? Mara nyingi wanaojitokeza kwenye mijadala ni wenye nafasi, elimu na viatu vya mkutano, si mchuuzi wa samaki wa Feri. Tena mjadala hula muda. Mtwara-Mikindani ilipata lami na mitaro kupitia mradi wa miji mkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na fedha za aina hiyo huja na tarehe za mwisho. Mvua nayo haisubiri kikao kiahirishwe.

Nakubali kwamba taasisi hiyo isipewe mamlaka ya kuzuia chochote. Lakini hoja ya kwamba njia zilizopo zinatosha inagonga mwamba kwenye mwaka 2013.

Januari, kisha Mei mwaka huo, Mtwara iliingia barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, majengo yakachomwa, jeshi likaja. Tumezoea kuyaita mambo ya siasa, na siasa ilikuwamo. Ukisikiliza madai yenyewe, hata hivyo, mengi yalikuwa maswali ya mipango: viwanda vitajengwa wapi, vijana watafanya kazi wapi, bandari itapanuliwa ili ihudumie nani, nyumba zilizojengwa kwa kutarajia wageni wa gesi zitapangwa na nani. Yalikosa chumba cha kuulizwa kwa utulivu, mbele ya mtu mwenye ramani na takwimu asiye mgombea wala msemaji wa serikali. Sidai kwamba chumba kingezuia vurugu. Uamuzi wa bomba ulikuwa wa taifa, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Nadai tu kwamba mkutano wa mtaa, wenye ajenda ya ulinzi, taka na michango, haukubuniwa kubeba uzito ule.

Kuna pia suala la wakati. Mwananchi wa kawaida hukutana na mpango mji siku bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, inapochimbiwa uani kwake au ukuta unapopigwa alama ya X. Ripoti za mipango kabambe nyingi ziko kwa Kiingereza, na michoro yake inahitaji mtu wa kuisoma. Kuibandika kwenye ubao wa matangazo ni kutimiza sharti tu. Kazi ya taasisi huru ingekuwa kuileta ikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa mfano wa mbao wa mji mzima ambao bibi anaweza kuuonyesha kwa kidole: hapa maji husimama, hapa watoto huvuka.

Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, inaonyesha pande zote mbili za mjadala huu vizuri zaidi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa kwa juhudi za asasi ya Uingereza, likawa hoteli, na limesimama. Nyumba za matumbawe zinazolizunguka nyingi zinabomoka. Mtaalamu wa urithi atasema tumia chokaa, kwa sababu plasta ya saruji hufungia unyevu ndani ya kuta hizo na kuzila taratibu. Mwenye nyumba atajibu kwamba saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, fundi wa chokaa hapatikani, na anataka vyumba vya kupangisha. Wote wawili wana haki, na hili ndilo jambo linalonivuta upande wa taasisi: wanahitaji kukaa chumba kimoja na fundi na mtu wa halmashauri.

Kinachonitia wasiwasi kweli ni fedha. Ikilipwa na kampuni ya gesi, itanyamazia gesi. Ikilipwa na mfadhili mmoja wa Ulaya, itapenda kuta kuukuu kuliko vyoo, na itafungwa mradi ukiisha. Ikilipwa na halmashauri, si huru tena. Ningependa ianze ndogo: chumba kimoja, michango ya wengi yenye kikomo kwa kila mchangiaji, hesabu zibandikwe mlangoni, na nusu ya bodi iwe wakazi wasio wasomi wa fani hizo.

Na ningeianzishia Lindi kabla ya Mtwara. Likong'o, eneo la zaidi ya hekta 2,000, limetengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Majadiliano ya serikali na kampuni yamechukua miaka mingi na ujenzi haujaanza. Kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuuliza makazi ya wafanyakazi yatakaa ndani ya mji au nyuma ya uzio, wavuvi watashushia wapi samaki, na maji ya kiwanda yatatoka chanzo gani.