Tambuu isiyotafunwa

Siku ya posa nchini Vietnam, upande wa bwana huja na masinia yaliyofunikwa kitambaa chekundu. Mna chai, pombe na keki, lakini tambuu, jani la kutafuna, na popoo, kokwa inayotafunwa nalo, hazikosekani. Upande wa bibi ukishapokea, hurudisha sehemu kwa waliokuja. Hapo popoo hunyofolewa kwa mkono. Kisu ni mwiko, kisije kikakata na ndoa.

Na vijana wanaoposana hivyo, wengi hawatafuni. Kutafuna wamewaachia vikongwe, hasa wa vijijini. Wengine husikitika kwamba mila imebaki ganda. Mimi naona Wavietnam wameamua vizuri.

Sababu ni kwamba tambuu kwao haikuwa ya ladha tu. Methali yao husema mazungumzo huanza na tambuu. Hadithi yake ni ya ndugu wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Mkubwa alipooa, mdogo akajiona ametengwa, akaondoka, akafia njiani akawa jiwe la chokaa. Kaka akamfuata, akageuka mpopoo ubavuni mwa jiwe. Mke naye akaja kumtafuta mumewe, akawa mtambuu, akausokota ule mti. Vitafune vyote vitatu pamoja, mate huwa mekundu kama damu.

Mshairi Hồ Xuân Hương, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, alichokoza zaidi. Katika mistari minne tu anamkaribisha mwanamume tambuu aliyoipaka chokaa mwenyewe, kisha anamwonya: kama tumeandikiwana, tukolee wekundu, usiwe kijani kama jani, wala mweupe kama chokaa. Mwanamke wa zama zile, mwenye ulimi huo!

Pwani yetu, Lamu hadi Unguja, uraibu tunaujua: tambuu, popoo, chokaa, katu, na kijaluba cha bibi. Ila naona sisi tumeshika kutafuna na kulegeza heshima yake. Mwaka 2004 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, ilichapisha kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Bado vibandani inauzwa kama peremende.

Wazee watasema tambuu isiyotafunwa ni pambo. Na iwe pambo. Posa nyingi ninazohudhuria siku hizi ni bahasha na hesabu ya mahari. Sinia moja la tambuu mbichi, la kutazamwa na kugawiwa, halitamfilisi mtu.