Tope nalo lipimwe

Kuna makala niliyoisoma inayosifu maji safi yanayotoka kwenye mabwawa ya matete ya kusafishia majitaka. Sawa, lakini metali nzito zimekwenda wapi? Uchafu wa chooni huliwa na bakteria ukaisha. Metali kama risasi, kadimi, na ile kromi ya viwanda vya ngozi haziozi: hunasa kwenye tope na mizizi, mwaka baada ya mwaka. Kukata matete hakutoshi, maana majani hubeba kiasi kidogo tu. Bwawa likikauka na hewa ikapenya topeni, sehemu ya metali hizo hurudi majini. Ndugu zangu, tope lipimwe kabla ya kuzolewa! Huku kwetu nimeona likisombwa kwa mkokoteni kwenda kurutubisha mchicha, mchicha huohuo tunaowalisha watoto.