Kufuli si notisi

Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, kuna wenye nyumba wanaoona ni haki yao kupiga kufuli kodi ikichelewa, au kung'oa bati, au kukata umeme. Naipinga desturi hii, na si kwa kumhurumia mpangaji peke yake. Inamgeuza mdai kuwa mdaiwa. Mwenye deni la miezi mitatu anakwenda kulalamikia vyombo vyake vilivyofungiwa ndani, na shauri linaanza wewe mwenye nyumba ukiwa mlalamikiwa.

Sheria ya Ardhi ya 1999 imekupa njia. Kodi ikipitiliza siku 30 bila kulipwa, andika notisi ya kusudio la kuvunja upangaji: kiasi, miezi inayodaiwa, na kitakachofuata asipolipa. Wengi huangukia hapa, kwa kutuma ujumbe wa simu "hama kesho" wakadhani wametoa notisi. Toa nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili aisaini. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie kuwa amekabidhiwa. Bado hahami? Anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana chukua uthibitisho wa maandishi, ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeruka hatua hii hurudishwa mwanzo huku deni likizidi kupanda.

Haya yote yanategemea mkataba. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo, lakini barazani utathibitishaje kodi mliyokubaliana? Andikeni, kisha lipia ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusaini. Ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka: chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi ni shilingi 6,000 tu. Mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu.

Matengenezo nayo. Mkataba usiposema vingine, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yako. Hewa ya chumvi ya Tanga hula bati likianzia kwenye misumari, kwa hiyo panda ukague kabla ya masika. Kumwambia mpangaji aweke ndoo si matengenezo.

Halafu kuna kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa anayetangulia kununua umeme mwezi huo. Katika nyumba ya vyumba sita vyenye mita moja, ugomvi wa uani huanzia hapo. Mpangaji akuoneshe risiti ya umeme, umpunguzie kiasi hicho kwenye pango, na uandike punguzo hilo kwenye stakabadhi yake.